Hatari za Eropleni za Injini Moja

Kilele cha Mlima Kenya kiitwacho Batian kiko futi 17,058 juu ya bahari. Eropleni ya aina ya Gipsy Moth, iliyopendwa sana na wanahewa wa Kenya karibu na mwaka 1930, haikuweza kupanda zaidi ya kadiri ya futi 14,500. Kwa hiyo mwanahewa wa siku zile aliyepita pande za Embu na Meru alikuwa na mlima uliomzidi kimo kwa futi elfu mbili na zaidi, na aghalabu mlima wenyewe ulikuwa umekwisha kujifunika mawingu kabla ya saa tano ya asubuhi. Hakuwa na redio ya kumwuliza mtu habari za mbele. Alikuwa na dira, ramani, saa ya kupimia kimo, saa ya kupimia mwendo, na injini moja tu.

Eropleni ndogo ya kwanza kuandikishwa Kenya ililetwa Mombasa kwa meli mwaka 1925, nayo iliruka mwaka 1926. Ilikuwa ya aina ya de Havilland DH.51, na mwenyewe alikuwa John Carberry, mlowezi wa Nyeri, yaani upande wa pili wa mlima ukitazama kutoka Embu. Ikapewa jina la Miss Kenya, na hata leo imehifadhiwa Uingereza. Asiyepata kuona eropleni kama hizo huenda akadhani zilikuwa za chuma. Sivyo. Gipsy Moth ilikuwa kiunzi cha mbao, mabawa yake yamevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na watu wawili walikaa mmoja nyuma ya mwenziwe bila paa, upepo ukiwapiga usoni. Tangi la petroli liliwekwa katika bawa la juu ili petroli ishuke yenyewe hadi kwenye injini bila pampu. Huo ulikuwa ufundi mwepesi na wa akili. Lakini eropleni ikianguka, petroli ilimwagika juu ya mbao, kitambaa na injini yenye moto, na watu walikuwa chini yake.

Mke wa Carberry, Maia, alijifunza kuruka, akawa hodari hata akawafundisha wengine. Tarehe 12 Machi 1928, mjini Nairobi, alikuwa akiruka pamoja na mwanafunzi wake, Dudley Cowie. Eropleni yao ikaanza kuzunguka na kuanguka, nao hawakuwa juu vya kutosha. Wote wawili wakafa.

Ili kuelewa ajali ya namna hiyo yafaa kwanza kujua ni kitu gani kinachoishika eropleni hewani. Watu wengi husema ni injini. Injini kazi yake ni kuisukuma mbele tu. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwa kasi juu na chini ya mabawa. Mwendo ukipungua mno, hewa haiyafuati tena mabawa vizuri, na eropleni huacha kubebwa. Mfano wake ni mtu wa baisikeli. Akiwa na mwendo husimama wima bila taabu. Akienda polepole mno huyumba na kuanguka. Tena, mnyororo ukikatika mlimani, mpanda baisikeli mwenye busara haparamii kilima, bali huielekeza baisikeli mteremkoni apate mwendo. Vivyo hivyo rubani ambaye injini imemzimikia imempasa kuinamisha pua ya eropleni kuelekea chini, ingawa moyo wake wote wamwambia aiinue aikimbie ardhi. Wengi katika wale wa kwanza walikufa kwa kuutii moyo.

Ikiwa bawa moja limeacha kubeba kabla ya jingine, eropleni hulalia upande huo na kuzunguka kama pia huku ikishuka. Rubani aliyefundishwa aweza kuitoa katika hali hiyo: husukuma usukani mbele, na kwa miguu huelekeza mkia kinyume cha mzunguko. Lakini kazi hiyo humaliza mamia ya futi, na aliye karibu na ardhi hana futi hizo za kutumia. Ndiyo maana ajali nyingi za zamani zilitokea mara tu baada ya kuruka au kabla ya kutua, mbele ya macho ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa Voi tarehe 14 Mei 1931. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa akiwaongoza wageni katika safari za uwindaji, alikuwa amekwenda huko na Gipsy Moth yake kuona kama ndovu waweza kutafutwa kutoka juu. Pamoja naye alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu jina lake Kamau. Walipoondoka kurudi Nairobi eropleni iliruka, ikazunguka, kisha ikaanguka na kuwaka moto, na watu hawakuweza kuwakaribia. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Juu ya Kamau, aliyepanda chombo kile kile na kufa dakika ile ile, vitabu hivyo aghalabu vina mstari mmoja tu.

Sasa yatazamwe mambo ya milimani. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Mlima Kenya ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Injini huvuta hewa ili ichome petroli, kwa hiyo ikipata hewa kidogo hutoa nguvu kidogo. Pangaboi nalo hukata hewa nyepesi na kusukuma kidogo, na mabawa hubeba kidogo. Jua la mchana huzidisha dhiki hiyo, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi pia. Eropleni iliyoruka vyema Mombasa ikiwa na abiria na mizigo yaweza kushindwa kuinuka katika uwanja mfupi wa nyanda za juu.

Upepo nao una hila yake, na wakulima wa Embu wanaujua bila kusoma. Upepo wa kusini-mashariki ufikapo mlimani hupanda, hupoa, na kuangusha mvua juu ya majani ya chai na kahawa ya Embu na Meru. Ukivuka upande wa pili hushuka ukiwa mkavu, na kwa hiyo Nanyuki na Laikipia hupata mvua haba. Kwa rubani jambo hilo lina maana nyingine kabisa. Upande wa Embu upepo humwinua. Upande wa pili humvuta chini, na huenda ukamshusha upesi kuliko injini yake inavyoweza kumpandisha.

Baada ya upepo ni wingu. Aliye ndani ya wingu haoni juu wala chini, na masikio yake, ambayo ndiyo humpa mtu utulivu asianguke akitembea, humdanganya. Mfunge mtoto kitambaa machoni, umzungushe polepole, kisha umwulize anazunguka upande gani. Baada ya muda mfupi atasema amesimama. Marubani wa kwanza hawakuwa na chombo cha kuwaonyesha mstari wa upeo, na waliongezeka waliotoka winguni wakiwa wamepinduka. Wala injini mbili si dawa ya ugonjwa huu. Tarehe 19 Julai 2003 eropleni ya injini mbili iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa.

Pamoja na hayo yote kazi haikukoma. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Huyu ndiye aliyemwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet alipokwama katika mabwawa ya Sudani mwaka 1931. Mwanafunzi wake, Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi mnamo Septemba 1936, katika eropleni ya injini moja aliyoazimwa na yule yule Carberry. Baada ya saa zaidi ya ishirini injini ilizimika kwa sababu ya barafu iliyozuia petroli, naye akaangukia pua katika tope la Nova Scotia, akatoka na jeraha kichwani. Majuma mawili baadaye Campbell Black, aliyekuwa amevuka majangwa mara nyingi, aliuawa akiwa bado ardhini: eropleni nyingine iliyokuwa ikitua katika uwanja wa Speke, Liverpool, iligonga yake.

Ajali nyingine yenye mafunzo ilitokea Serengeti tarehe 10 Januari 1959. Michael Grzimek, kijana Mjerumani wa miaka 24, alikuwa akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, kwa eropleni ya injini moja iliyopakwa milia kama punda milia. Injini haikuwa na kosa. Ndege mla mizoga, tumbusi, aligonga bawa, nyaya za kuongozea zikakwama, na eropleni ikaanguka. Michael alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro, na baba yake akaimaliza filamu yao. Tumbusi hupanda kwa hewa ya moto inayoinuka ardhi ikishapata jua, nao huelea katika kimo kile kile kinachopendwa na eropleni ndogo. Kwa hiyo marubani wengi wa nchi hizi huondoka alfajiri, wakati ambapo hewa ni nzito, mlima uko wazi, na tumbusi bado wako mitini.