SOMO LA WANACHAMA: NISHATI MPYA NA HAKI YA MNYONGE

Somo hili lisomwe na Katibu mbele ya wanachama, kisha lijadiliwe.

1. Funzo la ngitili

Shinyanga inaijua gharama ya kuni. Miti mingi ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, mingine ikapisha mashamba ya pamba, na mingine ikaishia jikoni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Hadi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Kazi hiyo haikufanywa kwa amri tu. Ilijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, na juu ya kanuni zilizosimamiwa na wenyeji wenyewe katika dagashida. Hata hivyo, mwenye eneo kubwa alivuna zaidi kuliko asiye na ardhi. Kosa hilo lisirudiwe.

2. Mabadiliko ya sasa

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Aidha, mwaka 2023 ulitiwa saini mkataba wa kujenga mitambo ya umeme wa jua wilayani Kishapu, ambako ndiko iliko Songwa. Awamu ya kwanza ni ya megawati 50, na lengo ni megawati 150. Mwanachama aelewe kwamba umeme huo ni wa Gridi ya Taifa. Nyumba haipati taa kwa ujirani na mitambo, bali kwa kufikiwa na nguzo na kwa mwenyewe kumudu malipo.

3. Mfano wa hesabu

Chama chenye wanachama 60 kimetenga mfuko wa sh. 1,200,000. Tuseme jiko la gesi na mtungi wake ni sh. 60,000. Wanachama 20 watakopeshwa kwanza. Wakirejesha wote, watafuata 20 wengine, kisha 20 wa mwisho. Lakini watano wasiporejesha, mfuko utabaki na sh. 900,000, nao wa zamu ya pili watakuwa 15. Watano watakaokosa jiko si wale walioshindwa kulipa, bali ni wenzao waliosubiri kwa uaminifu.

Kushindwa huko mara nyingi si ukaidi. Mkulima wa pamba hupata fedha msimu wa mauzo, naye hudaiwa kila mwezi. Tena mtungi huisha, na kuujaza huhitaji fedha taslimu kwa mkupuo. Mama hurudi kwenye kuni, na deni hubaki palepale.

4. Wajibu wa chama

(a) Uamuzi uwe wa Mkutano Mkuu. Chama kikikopa, kisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

(b) Wanawake wasikilizwe kwanza, kwani ndio wanaotafuta kuni na kuvuta moshi. Deni lisiandikwe bila ridhaa ya mpishi na ya mwenye hisa.

(c) Marejesho yafuate msimu wa mauzo. Pawepo pia akiba ndogo ya kujazia mitungi.

(d) Asiyemudu gesi asaidiwe kupata jiko banifu la udongo. Mwenye ng'ombe afikirie gesi ya samadi, mradi awe na maji ya kutosha mwaka mzima.

(e) Mchoma mkaa asiachwe bila riziki. Apewe nafasi ya kwanza kufundishwa kutengeneza majiko banifu, au kuyauza.

(f) Katibu aweke daftari la zamu, na orodha ibandikwe ofisini. Mjumbe wa Bodi asitangulie kwa sababu ya cheo chake.

Mabadiliko yatakuwa ya haki pale ambapo mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote ataweza kupika kwa nishati hiyo hata mwaka wa pili.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chenu, ni nani atakayeshindwa kujaza mtungi, na atasaidiwaje?
2. Marejesho yakusanywe mwezi gani, na kwa nini?
3. Ni akina nani kijijini wanaoishi kwa mkaa, na je, wamekwisha kuulizwa maoni yao?