Kuchora Ufuko kwa Rangi za Mafuta: Uanzie Wapi

Mwaka 1870 Mfaransa Claude Monet aliwachora wanawake wawili wameketi ufukweni Trouville. Picha hiyo sasa iko National Gallery, London, na ndani ya rangi yake bado mmenasa chembe za mchanga. Ndivyo walivyofanya kazi wachoraji wa imprashonizimu: walitoka nje, wakapaka upesi, wakauwahi mwanga wa saa ile. Mtindo huu hauhitaji mkono wa kuchora mistari iliyonyooka. Unahitaji jicho.

Ununue nini? Ukiomba rangi ya mafuta duka la vifaa vya ujenzi, utapewa kopo la kupakia milango. Siyo hiyo. Unayoitaka huuzwa kwa tyubu, katika maduka makubwa ya vifaa vya shule au ya wachoraji. Chukua daraja la wanafunzi. Ni nafuu kuliko la wasanii na kwa kujifunzia linatosha. Tyubu sita tu: nyeupe, njano ya limau, njano ya udongo, nyekundu, damu ya mzee na buluu iliyokoza. Nyeupe huisha kwanza, basi nunua ya mililita 200, nyingine za 37. Nyeusi iache dukani.

Brashi tatu bapa zitakutosha. Zile ngumu aghalabu ni za manyoya ya nguruwe. Kama hutaki kuyagusa, ulizia za nailoni. Badala ya kanvasi, muombe seremala mabaki ya hadibodi, ayakate sentimita 20 kwa 25. Yapake jeso, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia, mara mbili, la sivyo ubao utafyonza mafuta na rangi ibaki imepauka. Ongeza tapentaini ya kuyeyushia rangi. Mafuta ya kupikia usichanganye humo, hayakauki vizuri. Kazi ya mafuta hayo ni kusafishia brashi kabla ya sabuni.

Utoke saa ngapi? Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au alasiri kuanzia saa kumi. Jua la utosini hufuta vivuli. Angalia na maji. Mahali kama Jambiani, Unguja, bahari ikipwa huenda mbali, ukabaki na mchanga na vidimbwi. Kesho yake saa ileile jua utalikuta palepale, ila maji yatakuwa yamechelewa kama dakika 50. Kwa hiyo maliza kwa saa moja na nusu, au subiri kama wiki mbili yarudi kwenye saa zake.

Anza na buluu iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Piga mstari wa upeo wa bahari, ulale sawasawa, usikae katikati ya ubao. Kisha weka vivuli. Hapa ndipo wengi hukosea: kivuli cha ngalawa mchangani si cheusi wala kijivu. Kitazame huku umefinya macho; utaona buluu na zambarau, kwa sababu kinaangaziwa na mbingu. Changanya buluu, damu ya mzee kidogo na nyeupe. Mchanga wa juani ni nyeupe yenye tone la njano ya udongo, ukiupaka mzito, bila tapentaini. Weka pigo la brashi, uliache. Ukilisuguasugua rangi hugeuka tope.

Watu je? Ukiwa umesimama kwenye ufuko tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama, wa karibu na wa mbali, hukaribia mstari uleule wa upeo. Kinachopanda na kushuka ni miguu. Mwanamke anayetoka kuvuna mwani ni mapigo manne: kichwa, kanga, kivuli, mng'ao wa maji miguuni. Sura yake usiihangaikie.

Nyumbani, weka picha penye hewa. Juu itakauka kwa siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi, kutegemea unene, na vanishi isubiri miezi sita. Matambara yaliyolowa rangi usiyarundike: mafuta ya kitani yaliyomo hupata joto yanapokauka, na rundo laweza kuwaka lenyewe. Yaanike moja moja nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.