Tangazo Katikati ya Daraja

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuuliza nani anasema na anamwambia nani. Mbele ya televisheni tunasahau swali la tatu: nani amekata? Mimi nilikumbushwa swali hilo nyumbani Kikula, hapa Likasi, jioni moja tulipotazama kipindi kuhusu vita vya Jadotville, jina la zamani la mji wetu.

Mambo yenyewe yanajulikana. Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa Ayalandi zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa na kuongozwa na Pat Quinlan, walishambuliwa na askari wa Katanga. Walizingirwa mpaka tarehe 17, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kikosi cha kuwaokoa kilitoka Elisabethville, kikazuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Kilijaribu tena, kikazuiwa tena.

Jioni ile msimulizi alipoanza kueleza habari za msaada, muziki ulipanda, na pale pale likaja tangazo la sabuni, kisha la simu. Matangazo hayakusimamisha kipindi. Yaliyafunika yaliyokuwa yakiendelea. Kipindi kiliporudi, Waayalandi walikuwa tayari mikononi mwa Wakatanga. Mdogo wangu akasema, "Basi Umoja wa Mataifa uliwatupa." Nkambo, ambaye mwaka ule alikuwa msichana hapa hapa, akamgeukia: "Na daraja, mwana? Daraja wameliweka wapi?"

Mimi nalitazama kosa hili kama jambo la sarufi. Tumefundishwa kwamba -ka- huegemea kitendo kilichotangulia: walizingirwa, wakajisalimisha. Sababu haitajwi, msikilizaji huijaza mwenyewe. Picha mbili zikifuatana kwenye skrini hufanya kazi ile ile. Mhariri ameweka "kisha" tu, mtazamaji anasoma "kwa sababu". Ukiondoa daraja, sentensi inabaki sahihi kabisa, ila sasa inasema kwamba watu walitelekezwa. Ndiyo maana mdogo wangu hakuhisi pengo lolote.

Kukata kwenyewe huanza kabla kipindi hakijarushwa. Filamu nyingi za historia zinazotengenezewa televisheni za Ulaya hupimwa dakika 52, ili saa moja ibaki na nafasi ya matangazo na taarifa nyingine. Nadhani kinachotolewa kwanza ni ushuhuda wa polepole: mzee anayenyamaza kabla ya kujibu, au anayeanzia kwa shemeji yake ili afike kwenye vita. (Nkambo asingepewa hata dakika mbili.) Tena, baada ya kila mapumziko msimulizi hulazimika kurudi kwenye -li- na kukumbusha yaliyopita, na dakika za kukumbusha zinatoka kwenye zile zile chache.

Kuna mtengenezaji mmoja aliyeugeuza mchezo huu. Johan Grimonprez, Mbelgiji, katika filamu yake ya 2024 yenye dakika 150, *Soundtrack to a Coup d'Etat*, anasimulia kuuawa kwa Lumumba na tamaa ya madini ya Katanga, urani ya Shinkolobwe ikiwemo. Katikati ya picha za zamani anaingiza matangazo ya kisasa ya Tesla na iPhone. Hapo tangazo halikatizi hoja, ndilo hoja: betri zinataka kobalti, na kobalti tunaijua sisi tunaoishi kando ya Shituru.

Nilipomweleza mwalimu wangu, aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Filamu hiyo ikipunguzwa iwe ya dakika 52, dakika 98 zitaondoka. Na stesheni ya hapa ikiirusha itabandika matangazo yake juu. Mtazamaji wa Kikula atajuaje lipi ni la Grimonprez na lipi limelipiwa? Tulikubaliana nijaribu na nyumba yetu kwanza. Nkambo amekwisha kuniambia kwamba atatazama, ila nimwahidi kwamba picha za Lufira, zikiwemo, sitazikata.