Kabla hujapandisha wimbo, tunza namba yake

Wimbo wangu wa kwanza ulitoka Ijumaa. Jumamosi mama mdogo akanipigia simu kutoka Tanga: "Mwanangu, mbona nikiandika jina lako inakuja sura ya mtu mwingine?" Wimbo ulikuwepo Spotify, ila kwenye ukurasa wa msanii wa nje tuliyefanana jina. Siku hizi, kabla ya kuchagua jina, nalitafuta kwanza kwenye kila jukwaa.

Spotify na Apple Music hazipokei wimbo kutoka mkononi mwa msanii. Unapitia kwa msambazaji kama DistroKid, TuneCore au CD Baby. Wapo wanaotoza ada ya kila mwaka, wapo wanaokata asilimia ya mapato. Soma hasa kipengele cha nini kitatokea ukiacha kulipa, maana wengine hushusha nyimbo zako zote. Audiomack unaweza kupandisha mwenyewe, lakini ukifanya hivyo mwambie msambazaji asiupeleke tena huko, wasikilizaji wasije wakagawanyika.

Faili iwe WAV, kava iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, isiyo na namba ya simu.

Kilichoniuma zaidi ni ISRC. Hii ni namba ya utambulisho wa rekodi, herufi na tarakimu 12, na kila rekodi ina yake. Nilipohama msambazaji, sehemu ya ISRC niliiacha wazi nikidhani itajijaza. Ikajijaza kweli, kwa namba mpya. Wimbo uliosikilizwa kwa miaka miwili ukarudi sokoni kama kichanga, hesabu ikianza sifuri. Nililia. Ukihama, andika ISRC ileile, peleka faili ileile na jina lilelile bila kubadili hata nukta, subiri uuone wimbo umetokea kupitia msambazaji mpya, ndipo uushushe kwa yule wa zamani. Mimi sasa namba hizi naziandika kwenye daftari la karatasi, kando ya jina la wimbo na tarehe.

Ukurasa huohuo naandika mgawanyo: prodyuza asilimia ngapi, mwandishi ngapi, mpiga gita ngapi, na kila mmoja anatia saini siku ya kurekodi, kabla pesa haijaonekana. Kama biti umeinunua mtandaoni, uliza iwapo imeuzwa kwa wengine pia. Biti ya namna hiyo usiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi, utaanza kudai nyimbo za wenzako.

Mwisho, usiwe na haraka ya tarehe. Mimi napandisha wiki nne kabla. Ombi la kuingizwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify hutumwa wimbo ukiwa haujatoka, na wao wenyewe wanataka angalau siku 7 kabla. Tangu 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mrabaha wa rekodi kule, kwa hiyo wiki hizo nne nazitumia kuwapigia watu simu mmojammoja, nikianzia Tanga.