Ruta ya Bei Nafuu: Kagua Programu Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, mnunuzi wa ruta ya waifai huuliza bei, kisha huhesabu antena. Swali kubwa zaidi ni hili: je, mtengenezaji bado anasasisha programu inayoendesha ruta hiyo?

Ruta isiyosasishwa ni mlango usio na kufuli. Mwaka 2018, programu hasidi ya VPNFilter iliingia katika ruta na vifaa vingine vya mtandao zaidi ya 500,000 katika nchi 54. Ruta ikitekwa, inaweza kumpeleka mwenye nyumba kwenye tovuti bandia asijue.

Ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake huenda ikafaa tena kwa kuwekewa OpenWrt, programu huria isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2004. Hata hivyo, yenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu haiwezi kubeba matoleo mapya. Usiinunue kwa sababu ni rahisi tu.

Kabla ya kubadilisha programu:

1. Ikiwa ruta ni ya kampuni ya intaneti, omba ruhusa kwanza.
2. Soma modeli na toleo kwenye kibandiko. Programu ya modeli nyingine inaweza kuiua ruta.
3. Hifadhi nakala ya mipangilio.
4. Unganisha kompyuta kwa waya. Usianze siku ambayo umeme unapotea na kurudi; ukikatika katikati, ruta inaweza isiwake tena.
5. Ukimaliza, badilisha nywila ya kiwandani.