Dawa za Figo Iliyopandikizwa: Punguza Gharama, Usipunguze Dozi

Aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuzuia mwili usiikatae, kama takrolimasi, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Pesa zikiadimika, wengine huruka siku au hupunguza vidonge. Akiba hiyo ni ghali mno: figo ikikataliwa, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki.

Muulize daktari kama kuna dawa ileile ya kampuni nyingine yenye bei nafuu, kisha ulinganishe bei katika maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Usibadilishe kabla hajakubali; huenda damu ikahitaji kupimwa upya. Waulize SHA wanacholipia kabla hujanunua. Ukiona dawa hazitafika mwisho wa mwezi, ijulishe kliniki zikiwa bado zimebaki.