SOMO LA MAKATIBU: KUCHAGUA CHUO CHA SHAHADA YA UZAMILI YA BIASHARA

Katika Mkutano Mkuu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, lilisomwa ombi la katibu wa chama. Katibu huyo alikuwa na shahada ya kwanza na alikwisha kutumikia chama kwa miaka sita. Aliomba chama kimlipie karo ya Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, ile ijulikanayo kwa kifupi MBA, katika chuo cha Dar es Salaam. Mwanachama mmoja mzee aliinuka akauliza: "Ndugu Katibu, ukishamaliza, utarudi hapa?" Katibu alinyamaza. Ombi likaahirishwa hadi mkutano uliofuata.

Wapo waliomlaumu mzee yule kwamba anazuia elimu. Hawakumtendea haki. Swali lake ndilo ambalo kila katibu hana budi kujiuliza kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote: masomo haya yanampeleka kwenye kazi ipi, na kazi hiyo iko wapi? Ajibuye hilo kwanza atachagua chuo bila taabu kubwa. Aanzaye na jina la chuo, kwa kuwa jina hilo linasikika vizuri barazani, huenda akamaliza na cheti kizuri na deni kubwa.

Yafaa kwanza ieleweke chama cha msingi kina uwezo gani. Chukulia chama kinachokusanya kilo 60,000 za kahawa ya maganda kwa msimu, na ushuru wa chama ni shilingi 120 kwa kilo. Mapato ya ushuru ni shilingi 7,200,000. Humo hutoka mshahara wa karani wa mizani, mlinzi wa ghala, ada ya ukaguzi, vitabu vya stakabadhi na posho za vikao vya Bodi. Karo ya shahada ya uzamili peke yake yaweza kumeza karibu ushuru wote wa mwaka. Kwa hiyo mwanachama anayesita hafanyi ubahili. Anapiga hesabu ya mizani yake mwenyewe.

Sasa na vitazamwe vyuo vyenyewe, kwa kuwa makatibu wengi huvitaja pasipo kujua tofauti zake.

Kilicho karibu zaidi na vyama ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, na makatibu wengi wa zamani walipata vyeti vyao hapo. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Kina tawi lake Kizumbi, Shinyanga, jambo linalowafaa makatibu wa vyama vya pamba. Ubora wake kwa mtu wa ushirika ni kwamba mwalimu hahitaji kuelezwa chama cha msingi ni kitu gani.

Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Asili hiyo bado huonekana: wahitimu wake wengi hukutwa katika halmashauri, wizara na mashirika ya umma. Mbali na makao yake karibu na Morogoro, kinafundisha pia Mbeya na Dar es Salaam.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Biashara na Uongozi mwaka 1979, na tangu mwaka 2008 kitivo hicho kimekuwa Shule Kuu ya Biashara. Jina lake ni kubwa mbele ya mabenki na makampuni, na wanafunzi wake wa jioni wengi ni watu ambao tayari wameajiriwa humo. Hiyo ni faida ambayo haimo katika kitabu cha masomo: mtu hukaa dawati moja na wale ambao kesho watamwajiri. Lakini faida hiyo ni ya mkaaji wa Dar es Salaam, au wa mtu aliyekwisha kuamua kuhamia huko.

Arusha ipo taasisi ya uongozi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iitwayo ESAMI, iliyoanzishwa mwaka 1980 na inayomilikiwa na serikali za nchi kadhaa. Hii hulenga zaidi wakubwa wa kazi walio katikati ya safari yao, ambao aghalabu hulipiwa na waajiri. Meneja Mkuu wa chama kikuu aweza kuifikiria. Katibu wa chama cha msingi haimhusu sana. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na mwanafunzi husoma bila kuacha kituo chake cha kazi. Chahitaji mtu mwenye kujisukuma mwenyewe, maana hakuna kengele wala mwalimu wa kumwamsha.

Wala mipaka isiwafunge watu macho. Katibu wa Bukoba anayepitia Mutukula hufika Kampala kwa safari ambayo haifikii nusu ya ile ya Dar es Salaam, na huko Nakawa iko Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoundwa mwaka 1997. Vivyo hivyo Arusha ni jirani ya Nairobi kwa njia ya Namanga, na Nairobi, mtaa wa Karen, kipo Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya, kilichopata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2016. Wakenya wana vyama vya akiba na mikopo vyenye nguvu kubwa, na mtu wa SACCOS ana mengi ya kujifunza kwao. Ila asomaye nje ya nchi aulize mapema katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo na shahada yake vinatambuliwa. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa karo. Hata kwa vyuo vya ndani yafaa kuuliza, na kwa vile vinavyojitangaza kwa simu na kuahidi shahada kwa miezi michache haifai kuuliza tu, yafaa kuogopa.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya matangazo ya vyuo havilisemi. Masomo ya MBA kwa kawaida yametungwa kwa ajili ya kampuni ya hisa. Humo mwanafunzi hufundishwa kupima uongozi kwa faida inayomrudia mwenye hisa, na mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, na ziada hugawiwa kwa kadiri mwanachama alivyouza au kununua kupitia chama. Kipimo cha meneja ni bei aliyomfikishia mkulima baada ya kutoa gharama. Mhitimu asiyeitambua tofauti hii huja chamani na mipango ya kukuza faida ya chama huku mkulima akipunjwa kwenye mizani, naye hushangaa kwa nini wanachama wanapeleka kahawa kwa mchuuzi. Hesabu za gharama, masoko, fedha na utumishi anazofundishwa ni zenye manufaa makubwa. Lakini hana budi kuzitafsiri kila siku. Anayesoma mahali pasipofundishwa ushirika atafanya kazi hiyo ya kutafsiri peke yake.

Kuhusu ajira, ni vema kusema wazi. Katika chama cha msingi shahada ya uzamili haiongezi mshahara yenyewe. Mshahara hutoka katika makisio yanayopitishwa na Mkutano Mkuu, na makisio hutoka katika kilo. Nafasi ambamo shahada hii ina uzito ni umeneja wa chama kikuu, umeneja wa SACCOS kubwa, mabenki, na makampuni ya mazao. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS zinaendeshwa kwa leseni, na zinahitaji watu wanaoelewa ukwasi na kinga ya mikopo. Mwaka 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika, nayo ikafungua mlango mwingine kwa watu wenye elimu ya fedha na uzoefu wa vyama.

Kwa mwenye nia ya uhasibu au ukaguzi, habari ni tofauti kabisa. Huko kinachoulizwa kwanza ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mtu mwenye CPA bila MBA ataajiriwa kuwa mhasibu mkuu kabla ya mwenye MBA bila CPA. Makatibu wengi wanaopenda hesabu wangeokoa fedha na miaka kwa kulijua hili. Na mwenye stashahada tu, asidanganywe: hatua yake ni shahada ya kwanza.

Sasa hesabu. Takwimu hizi ni za mfano. Kila katibu aweke za kwake. Chukulia masomo ya miezi 18, na katibu anayelipwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Akienda Dar es Salaam: karo 7,000,000, pango la chumba 1,800,000, chakula na nauli za mjini 3,600,000, gharama za tasnifu 600,000, na mshahara alioukosa kwa kuacha kituo 6,300,000. Jumla ni shilingi 19,300,000. Akisoma Moshi akiwa kazini, ikiwa ratiba inamruhusu: karo 5,000,000, nauli 400,000, tasnifu 600,000. Jumla ni shilingi 6,000,000.

Akibaki katika ushirika na kupata nafasi ya chama kikuu yenye nyongeza ya shilingi 200,000 kwa mwezi, nyongeza hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka. Gharama ya Moshi itarudi kwa miaka miwili na nusu, na ile ya Dar es Salaam kwa miaka minane na zaidi kidogo. Lakini akipata kazi ya benki mjini yenye nyongeza ya shilingi 700,000 kwa mwezi, ile gharama kubwa itarudi kwa muda usiofikia miaka miwili na nusu. Kwa hiyo Dar es Salaam si ghali kwa anayekwenda kukaa Dar es Salaam. Ni ghali mno kwa anayerudi mteremkoni. Katika safu hizo mshahara uliokosekana unakaribia kulingana na karo, na hicho ndicho kifungu ambacho waombaji wengi husahau kukiandika.

Tasnifu nayo isichukuliwe kirahisi. Wengi humaliza madarasa vizuri, kisha hukwama miaka wakitafuta takwimu. Katibu ana bahati ambayo kijana wa mjini hana: ghala lake la takwimu limo kabatini. Daftari za mapokezi za misimu kumi, bei za minada, mikopo ya pembejeo na namna ilivyolipwa, vyote ni utafiti unaosubiri mwandishi, mradi Bodi imetoa kibali na majina ya wakulima yamefichwa. Tena mwajiri atakapomhoji, hati safi za ukaguzi kwa miaka mitatu mfululizo zitamtetea kuliko alama za darasani.

Yule katibu wa mteremkoni alirudi Mkutano Mkuu wa pili na karatasi moja. Alikuwa amebadili chuo akachagua Moshi. Aliomba chama kimpe ruhusa ya siku za masomo na kimchangie shilingi 1,000,000 kwa misimu miwili. Zilizobaki angekopa SACCOS kwa dhamana yake mwenyewe. Aliahidi kwa maandishi kutumikia chama miaka mitatu baada ya kuhitimu, au kurudisha mchango wote akiondoka kabla. Mzee aliinuka tena. "Na msimu wa mavuno, nani atasimama kwenye mizani?" Katibu akajibu kwamba karani msaidizi amekwisha kufundishwa, na kwamba mitihani haiangukii wiki za mapokezi, ratiba ya chuo ilikuwa imeambatishwa. Azimio lilipita, likaandikwa katika muhtasari pamoja na kiasi cha fedha na masharti yote. Kura saba zilipinga, nazo zikaandikwa.

Kwa mjadala wa vikundi vya mafunzo: Chama chenu hukusanya ushuru kiasi gani kwa msimu, na karo ya mtu mmoja ni sehemu gani ya ushuru huo? Je, yafaa vyama vitatu au vinne kuchangia kumsomesha mtu mmoja kwa niaba ya chama kikuu, na mkataba wake utiwe sahihi na nani? Ikiwa katibu wenu angehitimu leo, ni kazi gani mpya ndani ya chama mngempa?